Neno Nililompa Baba

Nimefundisha Kiingereza katika shule ya upili hapa Meru kwa miaka mingi, na kila mwaka, kidato cha tatu kikifika kwenye msamiati wa watu wasiopenda kuongea, nilikuwa namtumia baba yangu kama mfano. Mwenyewe hakujua. Yeye alikuwa kwake, chini ya Karurumo kule ardhi inakoanza kukauka, na mbuzi zake na ndengu zake, huku watoto wa watu wanaandika habari zake kwenye daftari.

Somo lenyewe nalipenda kupita kiasi. Wanafunzi wanadhani mtu mkimya ni "quiet" na mambo yameisha. Nawaambia, ngojeni. Yule anayejua jibu lakini moyo unamdunda hata hawezi kuinua mkono, huyo ni "shy". Huyu aliyenyang'anywa simu jana na leo amevimbisha mashavu, hasalimii mtu, ni "sullen", na asinijaribu. Mtu wa "reserved" hana shida na wewe, ila mambo yake anaweka kwake. Wanaponiuliza "reticent", hapo kunakuwa na mabishano. Nawaeleza kwamba mtu huyo anaweza kuwa anaongea vizuri tu, mpaka mguse jambo fulani, au aingie mtu fulani, ndipo anafunga mdomo. Halafu nafika kwenye "taciturn", naweka chaki chini. Huyo sasa ni baba yangu, nawaambia. Kunyamaza ndiyo tabia yake, vile wengine walizaliwa warefu. Kwenye harusi yangu alipewa nafasi ya kuongea akasema, "Mmekuja. Kuleni." Darasa linaangua kicheko, nami nacheka nao.

Basi likizo moja, asubuhi, kaka yangu akapiga simu. "Mzee tumbo limevimba, chakula hali, na ukimuuliza haongei." Nikamjibu, kwani aliongea lini? Mleteni huku. Wakakodi gari, na ilipofika saa sita baba alikuwa amelazwa wodi ya wanaume katika hospitali moja hapa Meru, kitanda cha dirishani, kofia yake ameiweka kifuani kama mtu anayengojea kuondoka.

Daktari alikuwa msichana mdogo, angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Hakujua Kiembu, lugha yetu, na Kiswahili cha baba ni cha kuuza mbuzi tu. Mkalimani nikawa mimi. Unasikia uchungu wapi? Nikatafsiri. Kimya. Ulianza lini? Kimya. Unakojoa sawasawa? Nikatafsiri hilo pia, kwa sauti, maana baba masikio yake si mazuri sana. Akageuka akatazama dirisha. Daktari alipotaka kumpima tumbo, baba alishika blanketi kwa mikono miwili na hakuachilia.

Daktari akanivuta kando. "Madam, naogopa figo. Hataki nimguse, hataki kuniambia hii kitu imekaa siku ngapi, na sijui kama kuna dawa amemeza. Hivi hivi napapasa gizani tu."

"Na figo zikiharibika?"

"Zikiharibika kabisa, madam, hazirudi."

Huyu ndiye mzazi niliyebaki naye. Nikarudi pale kitandani na badala ya kumbembeleza nikapandwa na hasira. "Baba! Mdomo ulipewa wa nini? Unataka kufa na sisi tunakuangalia?" Wodi nzima ikageuka. Baba alinitazama mara moja, akarudisha macho dirishani. Nikajiambia, hiki ni kiburi. Ni kiburi tu, na kitamuua.

Daktari akaandika kitu kwenye faili. Mwalimu anajua kusoma maandishi hata yakiwa juu chini, na nikaona ameandika "uncooperative", yaani mgonjwa mkaidi. Kumbe hata hapo ualimu haukuniacha! Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie neno hilo si lenyewe, kwamba mzee huyu ni "taciturn" tangu ujana wake. Aki ya nani, baba yangu tumbo linavimba na mimi nasahihisha Kiingereza.

Hapo ndipo alipokuja nesi mmoja, mwanamume wa makamo mwenye mvi, anasukuma kitoroli cha dawa. Alisikia nikimwongelesha baba, akasimama. Akamsalimia kwa Kiembu, salamu zile za kwetu zisizo na haraka. Mvua ilinyesha huko? Mbuzi je? Na baba yangu akajibu! Akasema mvua ni ya kudanganya watu, lakini mbuzi wako salama.

Nesi akanigeukia. "Mama, huyu ni baba yako wa kukuzaa?"

"Ndiyo."

"Basi toka nje."

"Nani atatafsiri?"

"Mimi si niko? Toka, mama. Na daktari, kwa heshima, naomba utupishe kidogo pia."

Nilikuwa tayari kugombana. Daktari ndiye aliyefunga faili akanishika mkono, tukatoka pamoja tukakaa kwenye benchi ya korido. Mlango haukufungwa vizuri. Nikasikia sauti ya baba. Aliongea, akapumzika, akaongea tena. Maneno siyapati, lakini yalikuwa mengi, yanafuatana. Halafu, sijui walifika wapi, nikamsikia akicheka.

Woi, aibu niliyoisikia pale sitaisahau. Mimi nimezaliwa kwenye boma lile. Nilipoanza kukua, mama akitaka kumwambia baba jambo lolote la mwili wangu, baba alikuwa anasimama anakwenda kwa mbuzi, ili nisijue kwamba amesikia. Kwetu baba haongei mambo ya chini ya kiuno mbele ya binti yake, na binti hamuulizi. Hilo nililijua kabla sijajua neno hata moja la Kiingereza. Na bado nikasimama kando ya kitanda chake namuuliza habari za mkojo mbele ya watu, tena kwa sauti, halafu namkasirikia kwa nini hanijibu. Aliyekuwa anamfunga mdomo ni mimi.

Nesi akatoka baada ya muda akamweleza daktari. Shida ilianza tangu wakati wa kupanda ndengu. Hii ilikuwa siku ya pili bila hata tone la mkojo. Kuna unga wa dawa alinunua sokoni kwa mchuuzi, akameza mara mbili ya alivyoambiwa. Na amekubali kupimwa, mradi anayempima awe mwanamume. Akaitwa daktari mwingine, baba akawekwa mpira wa mkojo, na jioni tumbo lilikuwa limeshuka na mzee ameomba uji. Majibu ya damu yalisema figo zimeumia lakini zitarudi. Yule daktari wa kwanza akaniambia, "Madam, mngekaa nyumbani siku nyingine mbili..." hakumaliza, na sikumwomba amalize.

Halafu akafanya jambo lililonifanya nimpende. Alifungua faili, akakata lile neno kwa mstari mmoja, akatia sahihi kando. "Wewe ni mwalimu. Niandike nini?" Maneno nilikuwa nayo, kama kumi hivi, na mengine magumu. Nikamwambia aandike tu kwamba mgonjwa ameeleza.

Nilimtafuta yule nesi nimshukuru, nikaanza hotuba ndefu, machozi yakanikatiza. Akacheka. "Mwalimu, mimi nina wasichana watatu. Wote wamesoma. Hakuna hata mmoja anajua nilipasuliwa nini mwaka ule." Namshukuru mtu huyo kila nikipita njia ya hospitali. Namshukuru kwa figo za baba, na pia kwa kunitoa nje bila kunitukana, na nilistahili kutukanwa. Darasani siku hizi baba simtaji. Tukifika "reticent" ndipo naweka chaki chini, na wanafunzi wanashangaa mbona nimekawia hapo.

Baba alikaa kwangu Makutano wiki moja. Hatukuongea habari ya ugonjwa hata siku moja. Nilimpikia, akala, akalalamika kwamba mtaa una kelele za malori. Siku ya kurudi nyumbani, kaka yangu tayari amewasha gari, baba aliweka kofia kichwani, akapanda mbele, akashusha kioo. Akatazama barabarani, si mimi.

"Siku ile," akasema, "ulifanya vizuri kutoka."

Nilitaka kumjibu. Mimi, mwenye maneno ya kutosha watu wawili. Nikamfungia mkanda, nikamfungia mlango, nikanyamaza.