Jina Lililofia Machimboni

Sokoni walimwita Bei ya Mwisho, kwa sababu hakuwa nayo. Aliuza milango na madirisha yaliyong'olewa kwenye majumba ya zamani, na mteja aliyeuliza bei asubuhi aliweza kuondoka adhuhuri na mlango begani asijue nani kati yao kamla mwenzake. Lakini kwenye jumba la nyaraka za serikali ya kikoloni, ulimi wake haukumfaa kitu. Faili zaidi ya tatu kwa siku huletewi, kalamu ya wino marufuku, na ukitafuna hata pipi unatolewa nje.

"Niongezee moja tu, dada yangu. Nimefunga duka kwa ajili yenu."

"Hata ungelichoma, kaka. Tatu ni tatu," alijibu mama wa kaunta bila kuinua uso.

Kilichompeleka huko ni mama yake, bibi kizee asiyetoka tena kitandani, ambaye tangu utotoni aliitwa mtoto wa mtoro. Baba yake aliondoka alfajiri moja asirudi, ukoo ukapitisha hukumu kwamba amemkimbia mke na mtoto. Yeye akalelewa na baba yake mdogo, mtu mpole aliyeishi mpaka akazeeka. Siku ya kumzika, Bei ya Mwisho mwenyewe alishika sepetu.

"Nitafutie kama alitukimbia," mama alimwambia. "Na kama alitukimbia, niambie hivyo hivyo. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Basi akatafuta. Orodha za kodi, za wafungwa, za vibarua wa reli. Jina la babu yake hakuliona. Mgongo ukamuuma, macho yakawasha kwa vumbi la makaratasi, wateja wakahamia kwa jirani. Mkewe akamuuliza kama huko kwa wazungu waliokufa keshapata mke wa pili. Hakuwa hata na nguvu ya kucheka.

Likabaki faili la machimbo ya mawe. Alilifungua faili hilo kwa uvivu, kama mtu anayekagua mlango ambao ameshaamua haununui. Kati ya vibarua waliofariki akakuta jina analolijua. Halikuwa la babu yake. Lilikuwa la baba mdogo wa mama yake, yule yule aliyemlea: amekufa kwa homa ya mapafu, amezikwa nyuma ya kambi.

"Hapa pana uongo," alimwambia mama wa kaunta. "Huyu nilimzika mwenyewe, kaota mvi mpaka kwenye nyusi."

"Majina hufanana, kaka."

"Na la baba yake je? Na kijiji?"

Mama yule akalivuta faili na kusoma alama za mwili zilizoandikwa na hospitali ya kambi, maana wafu waliandikwa kama ng'ombe wa mnada. "Huyo uliyemzika alikuwa na vidole vyote?"

"Vyote kumi."

"Huyu hana gumba la kushoto."

Bei ya Mwisho akakaa chini. Mama yake alibakiwa na kumbukumbu moja tu ya baba: mkono usio na gumba, ukimshikia kikombe anywe uji.

"Aliyeitwa kazini alipewa kipande, kadi ya kazi yenye jina lake," mama wa kaunta alieleza, sauti imelegea sasa. "Asipokwenda, jela. Akiwa mgonjwa, au mwoga, ndugu yake alichukua kipande akaenda kwa jina hilo hilo. Msimamizi alitaka mikono tu."

"Kama leseni za sokoni. Anayo mmoja, ukoo mzima unaitumia."

"Ila hapa aliyekwenda akifa, aliyebaki nyumbani ndiye marehemu wa serikali. Akifungua mdomo anakamatwa."

Alinakili mistari ile kwa penseli na kurudi nyumbani miguu mizito. Habari hii ingemsafisha mmoja na kumchafua mwingine, tena aliyemlea mama. Angeweza kusema nusu: alifia kazini, basi. Milango yenye mchwa alishaiuza kwa kuipaka rangi, namna aliijua. Lakini siku hiyo alikuwa amechoka mno kupaka rangi.

"Hakukimbia, mama. Alikwenda machimboni kwa kipande cha mdogo wake, akafia huko."

Mama akajivuta, akaegemea mto.

"Baba mdogo alijua?"

"Alijua."

"Nilipokuwa napigana na watoto kwa kuitwa mtoto wa mtoro, yeye ndiye aliyeniosha damu. Akaosha, akanyamaza."

"Labda aliogopa, mama. Na labda alikupenda pia. Tuseme nusu kwa nusu."

"Niondolee biashara zako. Hii haina nusu."

Bei ya Mwisho akavua viatu, akakaa sakafuni na kuegemeza kichwa kwenye ubao wa kitanda.

"Huko nyuma ya kambi pana alama yoyote?" mama aliuliza.

"Hakuna. Pamejengwa maghala."

"Basi usitafute tena. Kesho kafungue duka. Lakini ndugu wakija kunijulia hali, waambie. Wa aliyekwenda na wa aliyebaki, wote wasikie."

"Hata habari za baba mdogo?"

"Hata zake. Mimi nimembebea vya kutosha."