Esperansi Hakuiba Regyuleta

Enzi zetu mtaani Kisenyi, betri za redio zikiisha hazikutupwa. Zilianikwa juu ya mabati kama dagaa, na jioni ukizirudisha zinakupa nusu ya taarifa ya habari kabla hazijakata roho. Tulicheza kwepena nyuma ya gereji, na mpira wa matambara ukikupata mgongoni uliacha alama ya oili chafu. Mama akituona tu anafoka, "Halima, nimezaa msichana au makanika?" Kisha anakusukumia kabalagala za moto, vile vitumbua vya ndizi, na hasira imekwisha. Watoto wa leo umeme ukikatika wanakaa wanatazama simu zao zikifa, kama watu walio matangani.

Sisi umeme ulipokatika tulikuwa na betri kuukuu ya gari. Baba, aliyekuwa dereva wa lori, aliileta nyumbani ili tusikilize redio. Kumbe betri ilikuwa ya volti kumi na mbili na redio ilitaka sita. Baba akaunganisha hivyo hivyo. Redio ilipiga ukelele mmoja, ikafuka moshi, ikanyamaza moja kwa moja. Aliponunua nyingine aliapa hakuna mkono utakaoigusa.

Rafiki yangu Esperansi, niliyekaa naye dawati moja, ndiye aliyesema jambo hili lina dawa. Familia yake ilikimbia vita kutoka Bukavu. Papa yake aliuza vitenge, lakini kwao alikuwa fundi wa redio, na katika kukimbia kote kule hakuliacha kopo lake la vipuri. Humo akatutolea regyuleta, kipande cheusi chenye miguu mitatu cha kushusha volti. Akakigeuza maandishi yatuelekee.

"Muguu huu wa kuume unakula umeme," alisema. "Wa katikati unatoa. Huu wa kushoto unasikiliza. Sasa mufanye wenyewe."

Tukafanya. Rezista moja kati ya mguu unaotoa na ule unaosikiliza. Kutoka kwa huo unaosikiliza, waya hadi kwenye kidude cha kuzungushia sauti tulichokitoa kwenye redio iliyokufa, kisha hadi hasi ya betri. Tulichomelea kwa msumari uliopashwa moto kwenye sigiri, tukaungua vidole, tukapulizana. Tulipounga taa ya tochi, Esperansi akazungusha taratibu, na taa ikatoka wekundu wa kaa la moto hadi weupe. "Inanisikia!" alipiga kelele. Sijaona tena furaha ya namna ile.

Kilichobaki ni kupima ili tuisimamishe kwenye sita kamili, na mita ilikuwa shuleni. Tukaibeba regyuleta yetu kwenye kikopo cha biskuti hadi kwa mwalimu wa sayansi. Aliitazama, akamtazama Esperansi.

"Mkimbizi atapata wapi kitu kama hiki? Umekitoa kwenye boksi langu la vipuri."

"Papa ndiye alinipa, mwalimu."

"Ni kweli, mwalimu, nilikuwepo," nilisema.

"Wewe nyamaza! Sikukuuliza."

Angalieni basi. Tulikibeba wawili, tukakiunda wawili, na mwizi akawa mmoja. Asubuhi iliyofuata mwalimu alimpigisha Esperansi magoti mbele ya shule nzima, juu ya changarawe, akatangaza jina lake na kosa lake. Watoto walicheka. Papa yake alikuja ameshika kofia mikononi. "Mwalimu, tunaomba masamaha, mutoto ni mudogo," alisema, akiomba radhi kwa kosa lisilokuwepo ili binti asifukuzwe. Hilo liliniuma kuliko changarawe.

Nikamwambia Mama. Mama hakuomba radhi kwa mtu. Aliingia maabara amejifunga gurubaba yake, ile shuka ya kiunoni, kama anayekwenda msibani, akasema, "Lete hilo boksi." Mwalimu akalileta. Utepe wa gundi wa dukani ulikuwa bado juu ya kifuniko. Halijafunguliwa tangu linunuliwe.

"Basi, yameisha," mwalimu alisema.

"Hayajaisha. Ulimchafua mbele ya shule nzima, msafishe mbele ya shule nzima."

"Mama Halima, watoto husahau haraka."

Hakumsafisha. Esperansi hakurudi tena darasani, na baadaye familia yake ilihamishiwa nchi ya mbali. Regyuleta tulirudishiwa imevunjwa mguu. Kabla hawajaondoka Papa yake alitupa nyingine, tukaiunda upya bila mita, kwa kulinganisha mwanga wa taa, na redio ikaimba. Lakini kuna nyimbo nilizozisikia nikiwa nimefura kwa hasira.

Juzi katika kundi letu la simu la waliosoma pamoja, mmoja alimkumbuka mwalimu yule: "Alitunyoosha! Enzi zetu kulikuwa na nidhamu." Wengine wakaitikia amina. Nikauliza kama wanamkumbuka Esperansi. Jibu likaja na vicheko: "Yule Mkongomani aliyeiba vifaa?"

Baadhi yetu tuna wajukuu sasa, na watoto wamesahau haraka kama alivyosema mwalimu, sivyo?

Nazitamani enzi zile, siwezi kukana. Binti yangu ananunua kidude kama chetu kikiwa tayari kimeunganishwa, tena kina kioo cha namba, na hajui mguu upi unasikiliza. Namcheka. Lakini wiki jana alisingiziwa jambo shuleni, akasimama mbele ya mwalimu mkuu akasema, "Hapana, si mimi, na naomba useme hivyo mbele ya wenzangu." Na likasemwa. Enzi zetu tulijua kuunda vitu kwa msumari na sigiri. Sentensi ile moja hatukuwa nayo.