Kanda ya Sita ya Mama Yake Jibril

Idil Warsame hapendi kuharakishwa. Mimi nauza vitambaa mlango wa pili kutoka kwake hapa Hargeisa, na kwa miaka tisa sijamwona akikimbia hata mvua. Watu humletea kaseti za zamani, zile ambazo wazazi wetu walikuwa wakijirekodi badala ya kuandika barua, kisha wakimpa msafiri azipeleke. Idil anazicheza kwenye redio kaseti ya marehemu baba yake, waya umeunganishwa na laptopu, mpaka sauti inakuwa faili. Kanda ya dakika tisini inakula dakika tisini. Asiyetaka kungoja, humwonyesha mlango kwa adabu.

Ndiyo maana Alhamisi ile, kama saa tano asubuhi, nilipomsikia akipiga kelele, "Hibaq! Hibaq, njoo usimame mlangoni, asiingie mtu!" nilitupa mkasi nikatoka mbio.

Nilimkuta mbele ya laptopu, mikono kaiinua juu kana kwamba meza inaungua.

"Waya huo hapo chini," alisema. "Ukiukanyaga tumekwisha."

Betri ya laptopu yake ilikufa siku nyingi. Ukichomoa waya, au umeme ukikatika, inazima papo hapo.

Akanieleza. Jibril Awale, mzee anayeishi Uswidi, alikuwa amemletea kaseti tano za mama yake aliyefariki. Aliziacha Jumapili pamoja na memori kadi mpya, sauti ziwekwe humo awapelekee binti zake. Tano zilikwisha. Lakini asubuhi hiyo, siku yenyewe ya kusafiri, Jibril alikuja na ya sita. Shangazi yake alikuwa ameikatalia wiki nzima, akaitoa alipokuja kumuaga. Ndiyo kaseti ambayo mama yake alimrekodia mjini Burco mwaka themanini na sita, ya mwisho kabla hajaugua, ikakosa msafiri.

"Ilikuwa na ukungu," Idil alisema. "Nikamwambia hii itacheza mara moja tu, labda. Nimecheza upande wa kwanza wote. Sasa tazama."

Akanionyesha kichwa cha ile redio. Kilikuwa na unga wa kahawia, kama kutu. Utepe wenyewe ulikuwa umebaki na mabaka meupe, unaona mwanga ukipita. Sauti ilikuwa imeng'oka humo wakati ikicheza.

"Basi si umesharekodi?"

"Nimerekodi, lakini haijahifadhiwa! Ipo hapa kwenye programu tu, inaning'inia. Laptopu imejaa, nimekuwa nikisema nitaisafisha kesho, kesho. Nikaiambia iweke kwenye kadi ya Jibril. Kadi inakataa. Inasema haiwezi kuandika."

Nilikuwa sijawahi kumwona Idil akitokwa jasho la mdomo wa juu. Siku hiyo alilowa.

Alichomoa kadi, akatazama kile kiswichi kidogo cha kuifunga isiandikwe, pembeni mwa adapta yake. Kilikuwa wazi. Akapangusa meno ya shaba kwa ncha ya shela, akairudisha. Ikakataa. Akaihamishia tundu jingine. Ikakataa. Akabadilisha jina la faili, maana alikuwa ameweka alama ya mkwaju kati ya namba za tarehe, na kompyuta nyingine hazipendi hivyo. Ikakataa tena. Feni ya dari ikapunguza mwendo kidogo, sote wawili tukaitazama. Ikaendelea.

"Labda imejaa," nikasema.

"Inasema ni gigi sitini na nne. Nimeweka vitu vya gigi nne tu."

Akajaribu kuandika faili tupu lenye jina lake. Likaingia. Hapo akafungua zile kanda tano za mwanzo moja moja. Ya kwanza ilisema, ya pili na ya tatu vilevile. Ya nne ikakatika katikati ya neno. Ya tano ilikuwa na jina, ina ukubwa wake, lakini ndani kimya kitupu.

"Ni feki," alisema polepole. "Imepewa jina la sitini na nne, tumbo lake halifiki hata nne. Ukizidisha inajifanya imepokea, kumbe inamwaga. Leo ndiyo imechoka kujifanya."

Zile tano hakuzihofia, kaseti zake zilikuwa nzima, angezicheza upya. Ya sita ndiyo ilimuua.

Kadi ilikuwa imenunuliwa kwa Faysal, kijana muuza simu aliye ng'ambo ya pili ya kichochoro. Nikamwita nikiwa palepale mlangoni. Akaja na kikombe cha chai ya maziwa ya ngamia.

"Weka chai nje!" Idil akafoka.

"Shangazi, salamu kwanza basi."

"Hii kadi uliyomuuzia Jibril ni feki."

"Feki? Shangazi, hiyo orijino kabisa, naapa. Angalia hata maandishi yanavyong'aa."

"Yang'ae yasing'ae, haiandiki. Njoo uone mwenyewe. Waya!"

Faysal akaruka waya, akaona, akajikuna shingo. Akarudi dukani kwake, akaja na nyingine iliyofungwa kwenye plastiki.

"Imetoka boksi gani?" Idil akauliza.

Faysal akairudisha mfukoni.

"Nipe ya kwenye simu yako."

"Ya kwangu? Shangazi, humo mna picha za harusi yangu! Hodan mke wangu ataniua."

"Sizigusi. Ina nafasi?"

"Gigi mbili hivi."

"Imekaa kwako muda gani?"

"Mwaka wa tatu huu."

"Basi ya kweli hiyo. Lete. Faysal, mwanangu, tafadhali lete."

Lile neno tafadhali ndilo lililomtisha, nadhani. Alifungua simu kwa kucha.

Idil akaichomeka, akaamuru programu iandike. Ule mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Theluthi. Nusu. Ukasimama. Faysal akaanza kusoma dua kwa sauti, nikamfinya anyamaze, halafu nikaona nami midomo yangu inakwenda. Mstari ukasogea tena, ukafika mwisho. Idil hakushangilia. Alifungua faili kwenye kadi, akasikiliza mwanzo, akasikiliza katikati, akasikiliza mwisho. Ndipo akakaa, akainamia meza.

Umeme haukukatika. Kutwa nzima haukukatika.

Jibril alirudi saa sita na nusu, begi likiwa kwenye teksi. Idil alimwambia yote, hakuficha hata ile laptopu iliyojaa.

"Upande wa pili bado, kaka Jibril. Nikiucheza unaweza kufia njiani."

"Na nikiuacha?"

"Utazidi kuoza."

"Cheza, dada. Mimi niko hapa."

Tulisikiliza sote. Mama yake alikuwa na sauti ya mtu anayefanya kazi huku anasema, unasikia maji yanamiminwa. Alimgombeza mwanawe kwa kutojirekodi tangu Ramadhani. Akamsimulia ngamia mwekundu aliyezaa. Akamwita kwa jina la utotoni, Kichwa-kikubwa, na Jibril, mzee wa miaka sitini na tatu, akacheka huku anafuta macho kwa kiganja. Dakika ya thelathini na moja utepe ukakwama, ukakunjamana, ukakatika. Idil akazima haraka, akahifadhi kilichopatikana. Safari hii mstari haukusita.

"Zimebaki kama dakika kumi na nne," alisema. "Hizo siwezi. Nisamehe."

Jibril akafuta tena macho, maneno ya mwisho yalikuwa yamempita. "Alikuwa amefika wapi?"

"Kwenye jirani aliyeiba jiwe la kusagia."

"Hiyo najua inavyoisha toka utotoni," akasema, akasimama.

Aliondoka na kadi ya Faysal, picha za harusi zikiwa humohumo, kwa ahadi kwamba mabinti zake watazirudisha kwa simu. Zile kaseti tano za mwanzo alimwachia Idil azicheze upya, sauti amtumie baadaye. Faysal alimsindikiza mpaka kwenye teksi akimsihi asizionyeshe watu zile za kucheza. Baadaye akalileta boksi lake kwa Idil, wakazijaza kadi moja moja hadi pomoni kuzipima. Kati ya kumi na mbili, tatu zilisema kweli. Idil akazirudia kuzipima zile tatu, nami nikarudi kuokota mkasi wangu.