Kona ya Kuvuka Alupe

Mzee Omagor aliendesha trela kati ya Mombasa na Kampala miaka ishirini na miwili. Alipoacha, mwaka wa 1997, alikuja Busia kuomba kazi ya kufundisha katika shule ya udereva ya Oluka.

Oluka alikuwa amenunua kompyuta na mchezo wa kuendesha gari. Shule nyingine zilikuwa na ile meza ya model town tu, ya kusukumia vigari vya mbao. Yeye alitaka wanafunzi wake waione barabara ya Malaba yenyewe kwenye skrini. Mimi nilikuwa karani wake, mwaka mmoja tu tangu nitoke chuo kikuu. Akasema mzee aielekeze barabara, mimi niichore, na ikitoka vizuri mzee ana kazi.

Kuweka programu ya kuchorea ramani kulinichukua siku mbili. Ilikuwa kwenye disketi nne, na ya tatu ilikataa kusomeka mara sita kabla ya kukubali. Kisha kompyuta ikalalamika kwamba kumbukumbu haitoshi, nikaitengenezea disketi yake ya kuwashia. Mwishowe ulifunguka uwanja wa miraba ya kijani: unachagua kipande cha barabara, kilichonyooka, kona au mlima, unakipachika.

Omagor hakujua kilomita. Aliihesabu barabara kwa gia, macho amefumba, mkono ukicheza hewani. Ya tano. Ya tano tena. Sasa nne, rudi tatu, shika kushoto. Baada ya kuvuka kijiji cha Alupe alirudi mpaka gia ya pili, akasema hapo trela hujikunja.

Nilitazama ramani ya zamani iliyobandikwa ukutani. Ilionyesha mstari mnyoofu. Sikumwuliza. Alipoondoka niling'oa kona yake, nikapachika vipande sita vilivyonyooka, nikahifadhi. Niliona namsaidia asiaibike.

Jumamosi Oluka alimwita Egwang, dereva wa lori la mafuta, aijaribu mbele ya wanafunzi. Egwang aliendesha akitabasamu, akitaja kila duka analolijua. Alipovuka Alupe akaondoa vidole kwenye kibodi.

"Mzee, hapa ulikuwa unapita ukilala? Hiyo kona imeenda wapi?"

Wanafunzi wakacheka. Omagor aliinama karibu na skrini, akaangalia sana, kisha akanigeukia bila hasira. Nilitazama viatu vyangu.

"Labda nimesahau," akasema.

Oluka alimwambia hawezi kuwapa wanafunzi mwalimu anayesahau kona.

Nilikaa na jambo hilo siku tatu. Siku ya nne nilimweleza Oluka. Alisikiliza vizuri, akasema makosa hutokea, lakini nafasi ya mzee ameshampa shemeji ya Egwang.

Jioni hiyo nilipanda boda boda ya baiskeli mpaka nyumbani kwa Omagor, upande wa Alupe. Nilisema yote nikiwa bado nimesimama mlangoni.

"Nilijua, karani. Ile kona ningeisahau aje? Utingo wangu, Echodu, alifia hapo."

Nikamwuliza kwa nini hakusema siku ile.

"Nilikuwa nangoja useme wewe."

Nilitoa daftari, nikamwomba anitajie tena gia za kona ile. Akanitajia moja moja, polepole, akisubiri nimalize kuandika.