Mbegu za Mama Esha

Mama Esha hakujua kukaa. Ukimkuta ameketi barazani kwake, ungeuliza anaumwa nini. Rukaiya, ndilo jina lake, alikuwa mjane wa kijiji kimoja nje ya Newala, na sifa yake ilikuwa mbegu za mihogo. Mvua zikikaribia alifunga pingili mafungu mafungu, akayalaza kando ya njia, na mpita njia akachukua bila hata kubisha hodi. Esha, binti yake, alipoolewa Nanganga, aliondoka na fungu lake.

Sasa, msimu ule malori ya wanunuzi binafsi wa korosho yalipoanza kupanda na kushuka mlima, Esha akaleta habari mbaya. Mihogo yake imeoza ardhini. Majani mazuri, lakini ukichimba ni kahawia, chungu, hata mbuzi anakataa. Watoto wanashindia maembe.

Rukaiya akakimbia kuchimba yake. Ya pembeni mizima. Ya katikati, lo! Kahawia tupu.

Bwana shamba, kijana mpole aitwaye Stefano, alikata muhogo mmoja, akatikisa kichwa.

"Kirusi, mama. Kimo mpaka kwenye mti. Ukipanda pingili, umekipanda nacho."

"Kirusi ndio mdudu gani?"

"Si mdudu. Ni uzi mdogo mno, jicho haliuoni, umebeba maagizo. Ukiingia ndani ya muhogo, muhogo unayatii. Unatengeneza nyuzi nyingine kama huo, na vipande vya ganda la kuzivika. Kipande kimoja kinaushika uzi, kingine kinabana pembeni yake, vinauzunguka hivyo mpaka ncha ya mwisho. Ganda likikamilika, kirusi kipya hicho. Uzi uko salama ndani, unangoja inzi weupe wauhamishe, au mkono wako."

"Na nani anavipanga hivyo vipande?"

"Hakuna, mama. Vimeumbwa vya kushikana na uzi ule. Vikikutana nao tu, basi."

"Weee! Yaani muhogo wangu mwenyewe ndio unaomshonea nguo adui yake?"

"Ndivyo. Ng'oa yote, choma. Nitakutafutia mbegu safi."

Kutwa nzima hakutulia. Anashika mchicha, anaacha. Anashika jembe, anaacha. Ugonjwa alishaujua. Kilichomkera ni ile kazi ya kimya, isiyo na msimamizi, ndani ya mti wenye majani ya kupendeza vile. Akamtuma konda wa basi: Esha ang'oe yote, achome, asipande kitu mpaka mama yake ampelekee mbegu safi.

Kisha akang'oa shamba lake huku analia waziwazi, maana mbegu ile aliachiwa na mama yake mzazi. Miti ilikuwa mibichi, moto haukushika. Akaisogeza kando ya njia inyauke, na mikono, kwa mazoea tu, ikaifunga mafungu mafungu. Aliporudi nyumbani homa ikamlaza.

Alipopata nafuu alichukua kiberiti, akaenda. Hakukuta hata kijiti.

"Shikamoo, Mama Esha!" Kibibi, jirani yake, alimchangamkia. "Mwaka huu umetugawia hasa! Na fungu kubwa nimempakilia Esha kwenye lori la korosho. Nikasema mama mgonjwa, mwanawe asije akapitwa na mvua."

"Kibibi! Nani kakutuma?"

"Anitume nani? Si yalikuwa njiani?"

Njiani aliyaweka yeye. Hata kumlaumu hakuweza. Alidandia gari la kwanza lililoshuka, na njia nzima alikuwa akimhimiza dereva kama vile gari ni lake.

Nanganga alimkuta Esha katikati ya matuta mapya, udongo mpaka viwikoni, anacheka.

"Shikamoo, mama! Mbegu safi ulizoahidi zimefika. Tumeshapanda!"

Rukaiya aliinama, akang'oa pingili ya kwanza, akang'oa ya pili.

"Mama! Unafanya nini?"

"Si safi, mwanangu. Ni zilezile. Nisaidie, tung'oe zote upesi."

Esha hakuinama. Alisimama palepale, mkono wenye udongo mdomoni.

"Hizi si zote, mama," akasema. "Zilizobaki nimewagawia majirani. Nimegawa kama unavyogawa wewe."