Mawe ya Mama Sakaya

Mimi Angelina nina mdomo, Rhotia nzima inajua, na mdomo huu ndio uliomshtaki Mama Sakaya kwa mwenyekiti wa kitongoji. Basi leo mdomo huuhuu umshukuru.

Jina lake hasa ni Nareyu. Alizaliwa huko juu Ngorongoro, kwenye ng'ombe, akaolewa Soitsambu, akafiwa na mume. Mwanawe Sakaya, mlinzi wa loji moja hapa kwetu, akanunua kiwanja kilichopakana na bustani yangu, chini kidogo ya msitu, akamleta mama yake. Alifika na ng'ombe wawili, kigoda kimoja na vibuyu vyake vya maziwa, ambavyo kila siku anavifukiza kwa kijinga cha moto mpaka uzio wangu unanuka moshi mtamu. Kiswahili chake ni kifupi. Anasema jambo mara moja, ukilikosa shauri yako.

Wiki ya kwanza tu aliokota mawe yote ya kiwanjani, ng'ombe wasijikwae, akayarundika mpakani. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Mimi nalima saladi ya loji. Mgeni wa loji anaila mbichi, kwa hiyo hairuhusiwi kupigwa dawa hata tone. Sasa huku kwetu mvua za masika zikianza, wanatoka konokono, wale wasio na nyumba mgongoni, laini kama makamasi. Unalala na kitalu cha miche mia tatu, unaamka na vijiti. Mwaka huu walinimaliza mara mbili. Vedasto, anayenunua mboga za jikoni kwa loji, hakunificha kitu: "Dada Angelina, nimekutetea mara mbili. Safari ya tatu ukikosa mzigo, oda inakwenda kwa mtu mwingine." Na mimi tangu Josephati wangu afariki, oda hiyo ndiyo mume wangu.

Kwa hiyo nilikuwa na moyo mbovu asubuhi ile nilipomwona nyoka kwenye rundo la mawe. Mdogo, urefu wa rula ya shule, wa kahawia. Shemeji yangu aliwahi kuumwa na kifutu, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi sikuumwa, lakini nilishtuka kwa niaba yake. Nikainua jembe. Likagoma kushuka. Kugeuka, Mama Sakaya ameshika mpini.

"Huyo ni mgeni," akasema. "Mgeni hapigwi."

"Mgeni wa nani? Yesu na Maria! Mama, huyu ni nyoka!"

"Kadogo, kanajificha, hakana ubaya na mtu. Mama yangu alisema watu wazima wa kwetu wakifa, wengine wanarudi hivyo, kuangalia watoto. Sisi tunampa maziwa."

Na kweli, chini ya jiwe palikuwa na kifuniko cha kibuyu chenye maziwa! Niliona giza. Huku mimi nahangaika na konokono, jirani yangu anafuga nyoka na kuwanywesha. Nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, na sikusimulia kama ilivyokuwa, niliongeza chumvi. Nikasema ni nyoka wakubwa. Nikasema mama yule ana mambo yake. Mnajua neno hilo "mambo yake" linavyoweza kumfanya mtu mgeni kijijini aitwe mchawi. Mwenyekiti akaamua: rundo liondoke ndani ya siku tatu.

Mama Sakaya hakubishana. Aliniuliza jambo moja tu, ameshika jiwe la kwanza kifuani. "Mama Simon," akaniita kwa jina la mwanangu, "mvua inachukua udongo wako. Nikupangie mawe haya kwenye matuta?"

Nikajiambia, ahaa, amenyooka, anajipendekeza. Nikamwambia apange. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, siku mbili ameinama, jiwe baada ya jiwe, na ndoo kuukuu iliyofunikwa kwa kipande cha shuka ambayo sikujali kuuliza ina nini. Mimi nilikaa kivulini na chai yangu. Aibu hiyo bado ninayo. Alipomaliza akaaga anakwenda Soitsambu kumuuguza dada yake, ng'ombe akamwachia Sakaya.

Nikasia mbegu mara ya tatu. Mvua ikanyesha siku tano mfululizo, na kila asubuhi nilikwenda kitaluni nikiwa nimeshakata tamaa. Miche ipo. Siku ya pili, ipo. Iliyoliwa ilikuwa michache, pembeni. Nikaihamishia kwenye matuta, nikijua sasa ndiyo nimewapakulia konokono. Ikashika. Nikaanza kuogopa, maana mtu aliyezoea hasara akipata heri huanza kuitilia shaka.

Alfajiri moja, ukungu wa msitu haujainuka, nikaona kwenye tuta alama ya ute wa konokono inang'aa, na juu ya ute huo kanyoka kahawia kanaufuata polepole, ulimi unatoka unarudi, kama mtu anayesoma kwa kidole. Kakamfikia konokono kwenye shina la saladi. Kakamshika, kakammeza mzima. Halafu, ndugu zangu, kakafuta mdomo ardhini, huku na huku, kama mtu mwenye adabu zake. Kisha kakaingia chini ya jiwe.

Nikainua jiwe. Kalikuwa kamejikunja duara, kichwa kimefichwa katikati, kananiogopa. Jembe lilikuwa mkononi. Nikalirudisha jiwe taratibu, nikakaa kwenye matope, nikalia.

Nilimpigia Mama Sakaya simu hapohapo. "Ulijua?"

"Niliona wanachokula. Wewe ulikuwa unalia kila siku konokono, konokono."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ungewaua. Walikuwa tisa. Umevunja nyumba yao, ningewaweka wapi?"

Konokono hawakuisha, nisiwadanganye, ila walipungua kiasi cha saladi kupumua. Vedasto alipokuja alipekua kreti zote akitafuta majani yaliyotobolewa, akapakia mzigo wote. Oda ikabaki kwangu. Jioni hiyohiyo nikaenda kwa mwenyekiti, mbele ya watu waliokuwepo, nikasema nilidanganya, nyoka si wakubwa, na yule mama hana mambo yoyote isipokuwa moyo. Ulimi ulikuwa mzito, lakini nilimaliza.

Aliporudi nilimpokea na fungu la saladi, kubwa kabisa, lenye umande. "Takwenya, Mama Sakaya!" nikamsalimia kwa Kimaasai chake. Akaitikia, akalipokea kwa mikono miwili, akalitazama.

"Majani," akasema. "Mimi ni mbuzi?"

Tulicheka mpaka tukashikana. Kisha nikasema nililokuwa nimelibeba mwezi mzima: "Nisamehe, mama. Nilikushtaki, na wewe ukanibebea riziki kwenye ndoo. Asante. Mawe yako nitayarudisha mwenyewe, kwa mgongo wangu."

"Acha. Wamehama mara moja, inatosha." Akampa ng'ombe wake saladi yangu. "Maziwa je, unawapa?"

Nilitaka kumwambia kwamba nyoka yule hanywi maziwa, nimemchunguza, anakula konokono tu. Kwa mara ya kwanza maishani nikaufunga mdomo wangu. Sasa kila Ijumaa naweka maziwa kwenye kifuniko cha kibuyu kando ya tuta la kwanza. Paka wangu ndiye anayeyanywa, namwona. Naweka tena Ijumaa inayofuata.