Kaunda Suti ya Mwenyekiti

Siku yangu ya kwanza kufundisha ushonaji, kule Zirai, wanafunzi walivunja sindano zote kabla ya chai. Cherehani ya miguu huanzishwa kwa mkono: unavuta gurudumu kuelekea kwako, ndipo unakanyaga. Wao walikanyaga kwanza, gurudumu likarudi nyuma, uzi ukajisokota kwenye bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Afisa maendeleo ya jamii aliyenileta akasema, "Mwalimu, subira huvuta heri." Akapanda pikipiki, akaondoka. Subira yenyewe aliniachia mimi.

Baadaye nilihamishiwa kijiji kimoja cha Shume. Huko kijiji jirani kilivitamani vyerehani vyetu, kikidai kwetu vinakaa bure. Mwenyekiti wa kijiji chetu, Mzee Shekigenda, akanipa sharti: "Mwanafunzi wako mmoja anishonee kaunda suti niivae mkutanoni. Ikinikaa, vyerehani vinabaki. Isiponikaa, vinakwenda."

Katika darasa zima, aliyeweza kushona kola ikalala alikuwa Mwanaidi peke yake. Na Mwanaidi ameolewa na mtoto wa mwenyekiti! Nilishika kichwa.

"Mwalimu, yule ni baba mkwe wangu," aliniambia. "Nitamzungushaje futi kiunoni?"

"Basi nitampima mimi."

"Hapana, mwalimu. Watasema umenishonea wewe."

Akamwomba mama mkwe ampime mumewe kwa kamba, kila kipimo akipige fundo. Mama akampima asubuhi ya ukungu, mzee akiwa na sweta mbili na koti juu. Nilipoiona kamba ile nilifoka. Mwanaidi akainamisha macho: hawezi kumkosoa mama mkwe. Akakata kitambaa.

Mkutanoni mabega ya suti yaliteremka karibu na viwiko, na mzee alisimama akiishikilia suruali. Wanawake waliuma kanga zao wasicheke. Mwanaidi alikuwa analia, na mimi moyoni nilikwisha kuviaga vyerehani.

"Nguo hainikai, kila mtu anaona," alisema mwenyekiti. "Lakini njooni mvute mshono huu. Hautatuki. Mkwe wangu kushona anajua. Kunishika maungo ndiko alikokataa, na mimi namshukuru. Vyerehani havitoki hapa."

Nilifurahi, lakini nilikasirika pia. Darasa langu limepona kwa adabu, si kwa vipimo nilivyofundisha hadi koo likakauka!

Sasa nimestaafu. Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza kigumu ni nini, nami huwaambia si kola wala mfuko, ni watu. Mwanaidi ndiye mwalimu wa darasa lile leo. Mzee nilimsihi sana aniletee ile suti niipunguze, maana kila aliyeiona aliuliza fundi kafundishwa na nani. Jibu lake lilikuwa moja: "Hii kanishonea mkwe wangu. Usiiguse."

Akaivaa hivyo hivyo mpaka alipofariki. Wanawe wameitundika sebuleni, nami nikienda kuwasalimu nakaa nikiitazama. Inapwaya hata ukutani.